Surua ikipanda gari la wagonjwa

Seminole ni mji mdogo wa wakulima wa pamba na karanga, magharibi mwa jimbo la Texas nchini Marekani. Una hospitali yake, lakini mtoto akizidiwa hupelekwa Lubbock, mwendo wa kiasi cha kilomita 130. Mwanzoni mwa mwaka 2025 barabara hiyo ilianza kupitisha wagonjwa ambao wahudumu wengi vijana walikuwa wamewasoma vitabuni tu: watoto wa surua wanaohema kwa shida, wenye mirija ya oksijeni puani. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika, Agosti mwaka huohuo, Texas ilikuwa imethibitisha wagonjwa 762. Kati yao 99 walilazwa. Watoto wawili wa umri wa kwenda shule, ambao hawakuwa wamechanjwa, walifariki.

Marekani ilitangaza mwaka 2000 kwamba surua haina tena makazi nchini humo. Kanada ilipata hadhi hiyo mwaka 1998, ikaipoteza Novemba 2025. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2024 watu wapatao milioni 11 waliugua surua ulimwenguni na karibu 95,000 wakafa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Sababu yake si fumbo. Ili ugonjwa huu ukose pa kupita, watoto 95 katika kila 100 wanatakiwa wapate dozi mbili za chanjo. Mwaka 2024 dozi ya kwanza iliwafikia 84, ya pili 76.

Mkazi wa Mpanda au wa Lodwar atauliza ya Texas yanamhusu nini, wakati kwake surua haijawahi kuaga. Ana haki ya kuuliza. Mwishoni mwa mwaka 2022 surua iliingia Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, Tanzania, na kuua watoto. Mwaka uliofuata, katika mkoa jirani wa Rukwa, alipatikana mtoto aliyepooza kwa polio, ile aina inayozuka pale kirusi dhaifu cha chanjo ya matone kinapozunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa hadi kikarudisha ukali wake. Kenya nayo ilikikuta kirusi cha aina hiyo Garissa mwaka 2023 na Kakuma mwaka 2024. Kwa hiyo tofauti yetu na Texas si kwamba wao yamewarudia na sisi hayajawahi kuondoka. Tofauti ni barabara. Hospitali ya rufaa ya kanda inayohudumia Katavi iko jijini Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mpanda. Mtoto wa Seminole hukaa ndani ya gari saa moja na kitu. Wa kwetu anaweza kukaa humo kutwa nzima.

Magonjwa haya yakitajwa, kwanza tunazungumzia chanjo, na ndivyo inavyopaswa. Tukimaliza chanjo tunazungumzia wodi: vitanda, mashine za kupumulia, madaktari bingwa. Katikati ya hayo mawili kuna safari, na safari hiyo haina mwenyewe. Hospitali inayotoa rufaa inahesabu kwamba mgonjwa ameshaondoka. Inayopokea inahesabu kwamba hajafika. Kwa saa zote hizo dunia yake ni muuguzi mmoja, dereva, mama yake na mtungi wa oksijeni, na hewa wanayovuta wote ni moja.

Hewa hiyo ndiyo kiini cha habari. Kirusi cha surua hakihitaji mtu kupigiwa chafya usoni. Kinaelea, na kinaweza kubaki angani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kati ya watu kumi wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, tisa huambukizwa. Nyuma ya gari la wagonjwa nafasi haizidi sana ile ya choo cha nyumba ya kupanga, na muuguzi amemwinamia mtoto, anamnyonya makohozi, anamrekebishia mirija, anamsikiliza kifua. Ukitafuta mahali pa kumwambukiza mtumishi wa afya, hutapata pazuri zaidi ya hapo.

Kinachozidi kutatiza ni kwamba mara nyingi hakuna anayejua kuwa amebeba surua. Mtoto huanza kuambukiza siku nne kabla ya upele kuonekana. Siku hizo ana homa, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayoukimbia mwanga, dalili ambazo kila zahanati huziona kila siku. Anapozidiwa, fomu ya rufaa huandikwa "nimonia kali". Fomu haikudanganya, kwa sababu nimonia ndiyo inayoua watoto wengi wa surua. Ila imeacha kusema lililo muhimu kwa watakaosafiri naye. Anayejua kutazama atamfunua mtoto mdomo aangalie ndani ya mashavu, karibu na magego, kama kuna madoa madogo meupe mithili ya chembe za chumvi juu ya wekundu. Hayo hutangulia upele. Asiyeyaona amuulize mama maswali mawili: kadi ya kliniki iko wapi, na je, kuna mtoto mwingine nyumbani au kwa jirani aliyetoka vipele wiki mbili hizi? Maswali hayo hayana gharama yoyote, na yanapita vipimo vingi ambavyo wilaya haina.

Akishashukiwa, kazi kubwa hufanyika kabla gari halijawashwa. Hapa ndipo nadhani tunakosea tunapopanga bajeti: tunawaza gari jipya na mashine mpya, wakati sehemu kubwa ya kinga ya safari ni simu moja. Muuguzi anayeondoka na mgonjwa apige mwenyewe, au apigiwe na mwenzake aliye zamu:

"Sista, tunakuja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nimonia kali, yuko kwenye oksijeni lita tano. Tunamshuku surua, hana chanjo. Tutafika kama saa kumi jioni. Tunaomba mtufungulie mlango wa nyuma, na mtuandalie chumba cha peke yake."

Bila simu hiyo, machela itapita mapokezi ya watoto. Hapo wameketi wenye utapiamlo, wenye selimundu, wachanga wasiofikia miezi tisa ambao hata umri wa chanjo hawajaufikia. Kupitishwa tu mbele yao kunatosha kuanzisha mlipuko ndani ya hospitali, na utaonekana siku kumi au kumi na nne baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena gari lililofika Alhamisi jioni.

Matibabu nayo yaanze kabla ya safari. Dozi ya kwanza ya vitamini A itolewe palepale: vitengo 200,000 kwa mtoto wa mwaka mmoja na zaidi, 100,000 kwa wa miezi sita hadi kumi na moja, 50,000 kwa mdogo zaidi. Dozi ya pili ni kesho yake, basi iandikwe kwenye fomu ili anayepokea asije akadhani imeshatolewa, au asijue kabisa. Kama daktari anaona mtoto atahitaji mpira wa kupumulia, asisubiri wafike porini. Aingiziwe mpira hospitalini, penye mwanga na mikono ya kutosha, na kichujio kiwekwe kati ya mpira na mfuko wa kusukumia hewa ili pumzi inayotoka isijaze gari.

Oksijeni ipigiwe hesabu, isikadiriwe kwa macho. Mtungi wenye ujazo wa lita 10 na shinikizo la bar 150 unabeba lita 1,500 hivi. Kwa lita tano kwa dakika utadumu saa tano. Kwa lita kumi, saa mbili na nusu. Kutoka Mpanda hadi Mbeya hata saa tano hazitoshi, na barabara zetu zina malori yaliyoanguka, mito iliyofurika na pancha. Anayebeba kiasi cha safari tu amebeba pungufu.

Sasa gari lenyewe. Kanuni ni kwamba hewa iingie mbele kwa dereva na itokee nyuma kwa mgonjwa, isirudi. Kama kuna kizuizi kati ya dereva na mgonjwa, kidirisha chake kifungwe. Kama hakuna, dereva afungue matundu ya hewa ya nje upande wake na feni ya nyuma inayotoa hewa iwashwe kwa nguvu zote. Kiyoyozi kisizungushe hewa ileile ya ndani. Watumishi wote wavae barakoa zinazobana uso, zile za N95. Barakoa nyepesi za kawaida ni za mama na za mtoto aliyezidi miaka miwili, kama anaivumilia.

Kwenye karatasi hayo ni mepesi. Aliyewahi kusafiri katika gari la wagonjwa mwezi Septemba anajua kwa nini madirisha hufungwa: vumbi. Linaingia kwenye macho ya mgonjwa, kwenye vidonda, kwenye mashine. Masika ni mvua. Dirisha hufungwa kwa sababu ya maana kabisa, na kirusi hufungiwa ndani pamoja na muuguzi. Ndiyo maana ningependa kuona feni ya nyuma inayofanya kazi ikikaguliwa sawa na breki na matairi, maana ndiyo inayomwezesha dereva kufunga dirisha bila kuwafungia wenzake ugonjwa. Baada ya kumshusha mgonjwa, milango yote iachwe wazi na usafi ufanyike kwa barakoa. Chumba kinachobadilisha hewa yake yote mara 12 kwa saa huchukua dakika 35 kuondoa asilimia 99.9 ya vijidudu vinavyoelea. Kinachobadilisha mara sita huchukua dakika 69. Gari lililofungwa na kuzimwa halibadilishi chochote, na hapo ndipo saa mbili zile zinapokuwa na maana.

Kuna desturi nyingine. Mafuta ni haba, basi gari moja hubeba wagonjwa wawili. Mtoto wa "nimonia" na mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba wanawekwa pamoja, mmoja kwenye kitanda, mwingine kwenye benchi. Wakati wa kurudi, gari tupu hubeba aliyeruhusiwa, mtumishi aliyetoka likizo, na shangazi wa mtu aliyeomba lifti. Mjamzito asiye na kinga akipata surua, yuko hatarini kupata nimonia, kuharibikiwa mimba au kujifungua njiti, na chanjo yenyewe hapewi akiwa na mimba. Siwalaumu wanaopanga safari hizo. Mara nyingi wanachagua kati ya mgonjwa mmoja kufika na wawili kufia kijijini. Lakini mtoto anayeshukiwa surua asafiri peke yake, na wa lifti asubiri basi.

Mtumishi asiye na kinga akikaa gari moja na mgonjwa wa surua, miongozo ya Marekani inamtaka akae nje ya kazi kuanzia siku ya tano baada ya kukutana naye hadi siku ya 21, kwani ndani ya siku hizo anaweza kuanza kuambukiza kabla hajajijua. Akichanjwa ndani ya saa 72 anaweza kukingika, ila hata hapo hospitali nyingi hazimrudishi mapema kwa wagonjwa. Sasa piga hesabu ya wilaya yenye magari mawili na madereva watatu. Mtoto mmoja asiyeshukiwa anaweza kuwaweka wawili nyumbani zaidi ya wiki mbili, na katika wiki hizo kina mama wenye uchungu pingamizi hawatasubiri. Hospitali zetu nyingi zimezoea kumuuliza muuguzi kama amechanjwa homa ya ini. Dereva haulizwi hata hilo, kana kwamba yeye hapumui.

Hadi hapa nimekaa kwenye surua kwa sababu ndiyo inayoambukiza kupita yote. Ila gari hilohilo hubeba magonjwa mengine ya chanjo, na kila moja lina masharti yake. Pepopunda ni kinyume cha surua kabisa. Haiambukizi mtu kwa mtu, kwa hiyo muuguzi anaweza kupumua kwa amani. Anayetakiwa kulindwa ni mgonjwa, na anakingwa dhidi yetu sisi wenyewe. Sauti kubwa, mwanga wa ghafla, mguso au mtikisiko huamsha mkakamao wa misuli, na mkakamao ukishika koo na kifua humnyima pumzi. Kwa huyu, king'ora ambacho tumezoea kukiona kama ishara ya uhai kinaweza kuwa silaha. Kizimwe. Taa ya ndani izimwe au ifunikwe, masikio yazibwe kwa pamba, simu ziwe kimya, dereva apande matuta polepole kama aliyebeba mayai. Apewe diazepamu ya kutosha kabla ya kuondoka, na nyingine iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano. Wanaougua siku hizi mara nyingi ni wanaume wakubwa: mkulima aliyejikata kwa jembe, fundi aliyekanyaga msumari. Wanawake huongezewa kinga wakati wa ujauzito. Mwanaume aliyepata chanjo za utotoni, kama alizipata, hajaitwa tena na mtu.

Kifaduro hutisha kwa kichanga. Nchini Uingereza mwaka 2024 kiliua watoto wachanga 11. Kwa mwenye wiki chache hakuna ule mlio wa kuvuta pumzi unaosimuliwa na wazee. Mtoto anakohoa kidogo, au hakohoi, kisha anaacha kupumua na kugeuka rangi. Ndani ya gari linaloruka kwenye makorogesheni, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni husoma ovyo, hivyo muuguzi akiangalia mashine badala ya mtoto atachelewa. Mfuko wa kusukumia hewa wa saizi yake uwe mkononi, si kwenye begi.

Dondakoo lilizuka upya Nigeria kuanzia mwishoni mwa mwaka 2022, jimbo la Kano likiumia zaidi ya mengine, maelfu wakaugua, na dawa ya kuzima sumu yake ikawa adimu. Utando wa kijivu huziba koo, shingo huvimba. Anayejaribu kupitisha mpira wa kupumulia barabarani anaweza kuusukuma utando huo ukaziba njia yote. Na hata koo likifunguka, sumu hushambulia moyo, wakati mwingine siku nyingi baada ya koo kupata nafuu. Mgonjwa wa namna hii asiondoke bila kipimo cha mapigo ya moyo, na asiondoke kabla ya kujua kama dawa ipo huko aendako. Kumsafirisha kilomita mia tatu kwenda kwenye hospitali isiyo nayo ni kumchosha bure.

Wanaoona mambo haya kuwa madogo mbele ya sayansi kubwa ya chumba cha wagonjwa mahututi wakumbuke kilikotoka chumba hicho. Agosti 1952, mjini Copenhagen, hospitali ya Blegdam ilizidiwa na wagonjwa wa polio waliopooza misuli ya kupumua. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo, waingiziwe mpira na kusukumiwa hewa kwa mkono. Mashine hazikuwepo za kutosha, basi wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana wakikamua mifuko ya hewa. Vifo vilishuka sana. Kutokana na kazi hiyo ndipo duniani ikaanza tabia ya kuweka wagonjwa mahututi mahali pamoja chini ya uangalizi wa saa zote. Ugonjwa uliozaa wodi hiyo baadaye ulikingwa kwa chanjo, na wodi ikabaki.

Ndege nazo zina mpaka wake. AMREF Flying Doctors, iliyoanza mwaka 1957 na yenye makao yake uwanja wa Wilson jijini Nairobi, imeokoa watu wengi ambao barabara ingewamaliza. Lakini ndege ndogo haina dirisha la kufungua, na shinikizo la ndani likiwa sawa na la juu ya mlima, mapafu yenye surua hupata oksijeni pungufu zaidi. Mfuko wa plastiki wa kumtenga mgonjwa humkinga rubani. Pia humfanya muuguzi amfikie mgonjwa kupitia glavu zilizoshonewa ukutani. Uamuzi wa kuruka usifanywe kwa sababu tu ndege ipo.

Tanzania ina kitu ambacho Texas ingeweza kukionea wivu. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa simu bure kwa namba 115, humtafutia mama au kichanga usafiri wa dharura, na pale gari la hospitali likikosekana huitwa dereva wa kijijini mwenye gari lake, akalipwa kupitia simu. Mtandao huo umeshaunganisha anayeita, anayebeba na anayepokea. Hauhitaji kujengwa upya ili ufae kwa haya ninayoyasema. Anayepokea simu aongeze maswali mawili kwa kichanga mwenye homa au kikohozi: kuna mwenye vipele nyumbani? Kuna anayekohoa zaidi ya wiki mbili? Jibu likiwa ndiyo, dereva aambiwe afungue madirisha, apewe barakoa, na asipakie abiria mara tu baada ya kumshusha mgonjwa. Gari lake ndilo litakalopeleka watu mnadani kesho.

Waganga Wakuu wa Wilaya na maofisa afya wa kaunti wanaosoma ukurasa huu wikiendi, Jumatatu waiteni madereva na wauguzi wa rufaa mmoja mmoja, muwaulize kadi zao za chanjo. Asiye na ushahidi wa kinga dhidi ya surua anahitaji dozi mbili, zilizopishana siku zisizopungua 28. Akianza Jumatatu hiyo, mwezi ujao atakuwa amemaliza.